Kombe la Kijapani

Jumatatu, 16 Februari 1959

Jadida, Wete. Mvua hakuna, mke hakuna. Mwanamize yuko kwao Gando, mwezi wa pili sasa. Aliondoka na godoro lake na birika, akaniachia sahani kumi na mbili za harusi kwa sababu hazikubebeka. Baba yake, Mzee Duni, ameniletea salamu fupi: kabla ya Ramadhani niwe na kazi inayoeleweka, la sivyo nimwandikie binti yake talaka. Ramadhani imebaki wiki tatu.

Kuwaandikia watu barua kwenye baraza ya posta, anasema, si kazi. Kazi ni ipi basi? Kuku wa Kizungu nilifuga, wakafa. Sabuni nilipika, wateja wakawashwa. Lakini safari hii nimepata! Khanga za dukani kwa Walji siku hizi zatoka Japani, na marobota yamejaa maandishi ambayo Wete nzima hakuna awezaye kuyasoma. Nimemwambia Walji nitayasoma mimi, na barua za kiwandani nitaziandika mimi, bila kumpitia wakala wa Unguja. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema robota jipya litafunguliwa tarehe ishirini na nane. Nikiweza kumsomea karatasi iliyomo, meza ya ukarani ni yangu.

Kitabu cha kujifunzia Kijapani ninacho. Kiliandikwa kwa ajili ya askari wa Kiingereza waliokwenda Burma vitani, nikakipata mnadani Mzungu mmoja alipohama. Kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Haidhuru, mwanzo siku zote ni rahisi.

Alhamisi, 19 Februari

Si rahisi. Maandishi yao yaitwa kanji, na kitabu chasema yako maelfu. Maelfu! Kila herufi ni neno zima, na kila moja ina utaratibu wake wa kuichora, mstari upi uanze na upi ufuate. Siku nne nimejua tatu: mti, kinywa na mvua. Leo asubuhi nilisahau mvua.

Kitabu chashauri kwamba mwanafunzi akichoka alifikirie lile analolitaka. Nikamfikiria Mwanamize, nikalala mpaka adhuhuri.

Bakar wa posta, ambaye ametundika ukutani cheti chake cha Kiingereza kana kwamba ni saa, aliniuliza nimefika herufi ngapi. Nikasema mia mbili. Akasema mashaallah, kwa namna ambayo si ya kumtaja Mungu.

Daftari limekwisha, wino umekwisha. Nilikaa jikoni nikajionea huruma. Hapo ndipo nikaziona sahani. Nyeupe, zaandikika, zafutika! Mwanamize aliacha zafarani kidogo kwenye kichupa. Nimeikoroga kwa maji, nikachonga kijiti kiwe kalamu. Sahani moja, herufi moja. Nimezipanga dirishani zikauke.

Jumapili, 22 Februari

Balaa, au bahati. Sijui bado.

Jana nilikuwa posta. Jirani yangu Bi Tatu akaja kuomba chumvi, akazikuta sahani dirishani. Mtu wa huku akiona sahani nyeupe imeandikwa kwa zafarani hajiulizi mara mbili. Ni kombe: aya zimeandikwa, zitakoshwa kwa maji, mgonjwa anywe. Na Bi Tatu goti lamsumbua tangu msimu wa karafuu. Akachukua sahani moja, akapiga bismillahi, akaikosha, akanywa. Ilikuwa ile ya mti.

Leo kaamka, kaenda kisimani na ndoo kichwani, na kila aliyekutana naye njiani kamwambia kwamba Jaribu bin Silima, yaani mimi, amejaaliwa.

Nilitaka kumweleza. Wallahi nilitaka. Lakini alikuwa amekuja na mchuzi wa pweza na mkate wa kumimina, nami tangu Disemba sijala chakula cha mtu anayejua kupika. Nikamwambia alipumzishe goti.

Jumatano, 25 Februari

Watu tisa leo. Kitabu kimeandika kurasa nzima juu ya kushinda uvivu, na hakuna hata mstari mmoja juu ya wagonjwa. Dawa ya uvivu ni wagonjwa! Mtu amekaa barazani kwako anakohoa, huwezi kumwambia leo huna moyo wa kuandika. Mwenye kikohozi nimempa mvua, mwenye tumbo nimempa kinywa. Herufi ishirini na moja sasa nazijua kwa mkono, ingawa maana zake zanichanganya.

Bakar alikuja na jino. Nikamweka wa mwisho.

Shehe wa msikitini aliniuliza baada ya alasiri ni aya gani ninazoandika. Nikamjibu, za kuondoa balaa. Akasema kwamba mtu aweza kudanganya sokoni akatubu, ila mgonjwa anapokunywa uongo wako huwezi tena kuutoa tumboni mwake. Nilirudi nyumbani. Muhogo wa nazi aliouleta mtu wa tumbo nikaumaliza hivyo hivyo, kwa huzuni.

Jumamosi, 28 Februari

Sitaki kuandika. Naandika.

Walji alilifungua robota mbele ya wateja. Akanipa karatasi. Herufi zilikuwa mia na zaidi, nikazitambua sita, na nne kati yake zilikuwa kinywa. Watu wakangoja. Nikasoma kwa sauti kwamba kiwanda chamsalimu Bwana Walji, chamwombea afya yeye na watoto wake, na chamhakikishia kwamba khanga hizi zikinyeshewa mvua hazichuji. Nadhani nilisoma vizuri. Mzee mmoja aliitikia amini.

Walji akaigeuza karatasi. Upande wa pili palikuwa na Kiingereza: rangi za khanga na idadi ya doti. Basi.

Hakucheka safari hii. Aliniagizia chai, akaniuliza taratibu kama nimekula. Afadhali angenicheka.

Jumanne, 3 Machi

Mzee Duni kaja mwenyewe kutoka Gando. Nilidhani kaja na hasira. Alivua kofia mlangoni.

Mwanamize ana homa, siku ya tano leo. Vidonge vya hospitali kameza, homa yashuka mchana na kupanda tena. Habari zangu zimefika mpaka kwao, mwenye goti na mwenye kikohozi. Mtu huyu miaka saba hajaniita hata kwa jina.

"Mwanangu," alisema, "muandikie mkeo. Akipona, hayo ya kazi n'tayaacha."

Maneno yalikuwa mdomoni. Mzee, hizi ni alama za Kijapani, nisubiri nivae viatu twende pamoja nikamuuguze. Hayo tu, si mengi. Lakini alikwisha kuniita mwanangu, na ningesema angeniondolea neno hilo.

Nikaingia ndani, nikatwaa sahani nzima isiyo na ufa. Nikaandika herufi moja, ya kurudi. Ina mistari kumi na minane. Nimeifanyia mazoezi wiki nzima bila kumwambia mtu, nayo ndiyo pekee ambayo maana yake hainipotei. Anywe, apone, arudi. Nilimhofia Mwanamize, kweli nilimhofia, na hofu yenyewe ikanifanya niandike vizuri zaidi. Nikaifunika kwa leso, nikamwambia Mzee aikoshe kwa marashi.

Ijumaa, 6 Machi

Sahani imerudi. Haikukoshwa.

Kabla ya kunywa, Mwanamize aliomba aitazame. Bibi yake ndiye aliyekuwa na chuo cha Kurani pale Gando. Mwanamize mwenyewe alihitimu Msahafu akiwa na miaka kumi na miwili, akawasomesha wenziwe. Mimi sikuvuka Juzuu Amma, ile ya wanaoanza. Yote haya nilikuwa nayajua Jumanne, na sijui niliyaweka wapi.

Mzee Duni hakuketi. Aliiweka sahani barazani, leso akaikunja.

"Kanambia hichi si maneno ya Mungu," alisema. "Kanambia, mie naungua, yeye ananichezea."

Nikauliza hali yake. Homa imemwacha tangu jana asubuhi. Nililia mbele ya mkwe wangu, na sikuona haya. Alinisubiri mpaka nikamaliza, kisha akaniambia niandike talaka, yeye atangoja.

Nimewaandikia wanaume saba talaka zao kwenye baraza ya posta, na kalamu haikukwama hata mara moja. Kuna mmoja nilimrekebishia mpaka maneno. Leo nilikaa na karatasi muda ambao Mzee Duni aliutumia kusali laasiri na kurudi. Mwishowe nikaandika, nikatia kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi. Yeye si mtu wa kufungua barua ya mwenziwe. Akaitia mfukoni, akasema itafika kwa kadhi Jumatatu.

Jumatano, 11 Machi

Mwezi umeonekana. Ramadhani ya kwanza, nimefuturu muhogo wa kuchemsha peke yangu. Bi Tatu alipita na sahani ya vitumbua akaipeleka nyumba ya tatu. Maumivu ya goti yamemrudia siku ile ile aliposikia kutoka Gando kwamba zile hazikuwa aya. Bakar anasalimia kwa Kijapani, yaani anapiga kelele zisizo na maana, na posta nzima inacheka. Nyumba ina harufu ya mtu mmoja.

Na bado moyo wangu umetulia, kwa sababu talaka ile nimeiandika kwa kanji.

Sikujua Wajapani huachana vipi. Niliandika mti, mvua, kinywa, tena mvua, halafu ile ya kurudi, nikatia sahihi yangu chini. Leo kadhi kanipelekea mtu. Asema hawezi kuwatenganisha watu kwa karatasi asiyoijua, na nifike mbele yake baada ya Idi nimsomee mwenyewe, Mzee Duni akiwapo na Mwanamize akiwapo. Mwezi mzima! Mwezi mzima bado ana mume!

Sasa ndiyo nina sababu ya kusoma. Nahitaji herufi thelathini kwa uchache, ili kadhi akininyooshea kidole mahali popote nisibabaike. Nimekwisha kuamua karatasi itasema nini. Itasema kwamba Jaribu bin Silima alimdanganya mkewe alipokuwa mgonjwa, kwamba anamtaka radhi, na kwamba nyumba haikaliki bila yeye.

Ningeweza kumwandikia hayo kwa Kiswahili, na barua ikafika Gando kesho. Lakini Kiswahili kila mtu anakijua.