Kivuli cha Serikali ni cha Maua

Umma wa Lodwar unajulishwa, kwa furaha isiyo na kiasi, kwamba Kurugenzi ya Maji na Mapambo ya Umma imefanikiwa kulifundisha jua adabu. Mimi ni Ofisa wa Itifaki wa Kurugenzi hiyo. Nilikuwepo tangu mwanzo, na ninaeleza haya ili watu wa sokoni waache kueleza ya kwao.

Wazo lilikuwa la Mkurugenzi wetu, Bwana Ejore. Asubuhi moja aliketi ofisini, kiyoyozi kikivuma hadi akavaa sweta, akasoma kwenye simu makala kuhusu mimea ya bustani inayostahimili kivuli. Makala ilisisitiza kwamba kila mtu achague mmea unaolingana na hali ya hewa ya mahali alipo. Mkurugenzi akanyoosha mkono, akaipima hewa ya mahali alipo, akaikuta ya baridi.

"Andika," akaniambia. "Begonia. Kangaga. Na hii hosta. Wanasema hulala chini ya theluji, halafu huamka mbichi kabisa."

"Theluji tutaitoa wapi, mkubwa?"

"Hilo ni suala la awamu ya pili."

Kivuli chenyewe kilikuwepo. Uani kwetu kuna mwarobaini mpana, na chini yake waliketi kina mama wasusi wa vikapu, wakiongozwa na Akaale, mjane mwenye sauti inayofika barabarani bila kupandishwa. Walisuka hapo, wakauza hapo. Majani ya mkoma wanayosukia yakipigwa na jua hukauka na kukatika mkononi, kwa hiyo kwao kivuli kilikuwa kama jiko kwa mpika chapati.

Tulikwenda Kakuma kununua mimea kwa Félicité, mama Mkongo mwenye kitalu cha miche nyuma ya nyumba yake.

"Papa, ile mauwa inapenda baridi," alimwambia Mkurugenzi. "Huku itakufa. Kamata hii mshubiri, ao hii yenye majani kama panga. Inakaa kwa kivuli, inakunywa maji kidogo, haina maneno."

"Mama, hiyo haimo kwenye makala."

Félicité alimtazama, akalitazama gari letu la serikali, akabadili msimamo. "Bon. Begonia na kangaga nitaagiza Kitale. Hosta niko nayo."

Akatutolea mimea yenye majani mapana iliyokuwa ikijiotea kando ya bomba lake. Nilihisi nimewahi kula mizizi yake na chai, lakini itifaki hainiruhusu kuutambua mmea kabla ya Mkurugenzi.

Mimea ilipofika Lodwar, tuliipanga na vyungu vyake chini ya mwarobaini. Akaale akaja na furushi lake la majani kichwani, akasalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mkubwa. Hii maua ndio itakaa hapa? Na sisi?"

"Ninyi sasa ni wadau."

"Wadau inakaa wapi?"

Mkurugenzi akaonyesha ua wa mabati uliokuwa ukimeremeta kwa joto. Kisha nikasoma kanuni aliyoitunga mwenyewe: bustani ya umma ni ya kutazamwa na umma; binadamu asiketi, asisuke, asile wala asisinzie ndani yake. Askari wetu wa lango, Ekidor, akaamriwa aitekeleze bila kujali sura ya mtu.

Kina mama wakahamia kwenye mabati. Majani yakawakatikia mikononi, vikapu vikatoka vimepinda, wanunuzi wakapita. Siku moja Nakeno, mdogo wao, ambaye ni mjamzito, akaanguka kifudifudi. Wenzake walimbeba hadi katikati ya begonia, wakampepea kwa kanga, na Ekidor akageuka kukagua lango ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mimi pia nilitazama viatu vyangu.

"Mtoto akizaliwa," alisema Akaale, "tutaambia yeye alifukuzwa na majani."

Mkurugenzi alisikitika sana. Aliniagiza nichunguze kwa nini Nakeno hakustahimili jua.

Bahati mbaya maua nayo hayakustahimili kivuli. Kangaga ikawa rangi ya chai. Begonia ikainamisha shingo. Kamati ya Kurugenzi iliketi ofisini na kubaini kwamba kosa si la mimea. Kivuli cha Lodwar kina joto, na wananchi wamekuwa wakikitumia miaka yote hii bila kutoa taarifa.

Wakati huohuo habari ikatoka Nairobi: Mkaguzi Mkuu, Madam Christine, yuko njiani kuja kufungua bustani. Mkurugenzi akashikwa na jasho ndani ya sweta. Akaamuru vyungu vyote viingizwe ofisini mwake, kwenye kiyoyozi, kwa muda tu. Ajabu ni kwamba vilipona. Mgeni alipofika, begonia zilikuwa zimesimama wima kama makuruti.

Madam Christine alishuka garini akiwa ameiva usoni kwa joto. Alipoingia ofisini na ubaridi ukampiga, alifumba macho kwa muda.

"Hapa!" akasema. "Hapa ndipo mmea umelinganishwa na hali ya hewa! Na hizi si nduma?"

"Hosta, Madam," akajibu Mkurugenzi. "Ya nchi za joto."

"Hongereni." Akakata utepe palepale mlangoni, tukapiga makofi, bustani ikawa imefunguliwa rasmi. Mkurugenzi, kwa uchovu wa heshima, akaelekea kwenye kiti chake.

Ekidor akasimama mbele yake. "Samahani, mkubwa. Hii sasa ni bustani. Binadamu hawezi kukaa."

Madam akaomba asomewe kanuni. Nikaisoma. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Kanuni safi sana. Nani aliitunga?"

Katika maisha yake yote Bwana Ejore hajawahi kukataa sifa. "Mimi, Madam."

"Basi uwe mfano kwa wengine. Toeni hiyo meza."

Tuliitoa. Pa kuiweka palikuwa mahali pamoja tu, chini ya mwarobaini, ambako kina mama walikuwa wamesharudi bila kungoja tangazo. Walisogea kidogo. Nakeno aliegemea shina, miguu imenyooshwa, akisuka kikapu kilichonyooka.

Aliyetangulia kufika mezani alikuwa Lokuruka, mfugaji kutoka Kaaleng. Kisima cha kwao kiliharibika zamani, mifugo inakufa, na kila akija nilimwambia mkubwa yuko mkutanoni.

"Ejok, mkubwa! Leo mkutano hakuna?"

Mkurugenzi alitazama kushoto na kulia akitafuta mlango wa kufunga. Hakukuwa na mlango. Akamsikiliza, akapiga simu, akatuma fundi. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko chai yake ya saa nne. Habari zikaenea, na kabla ya adhuhuri foleni ilikuwa imetoka langoni.

Hapo Mkurugenzi akasimama, akavuta suruali, akatangaza kwamba anakwenda kula.

"Keti, mwanangu," alisema Akaale bila kuinua macho kwenye kikapu. "Watu bado iko."

Alinigeukia nimwokoe. Nilitafuta kifungu cha itifaki kinachofaa, nikakikosa.

Akaketi.