Barua Chini ya Maombi ya Likizo

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao mbele ya meza ya Fundi, mshona viatu. Fundi ndiye mwenye benchi, mwenye mwavuli na mwenye chupa ya chai. Wengine wote huleta midomo tu.

Mchana ule upande wa kivuli ulikuwa umekaliwa na Gazeti, ambaye hajawahi kununua gazeti hata siku moja, lakini ole wake atakayelisoma kabla yake.

"Sikilizeni hii," akasema. "Mtu ana miaka thelathini na tisa, kastaafu. Anaishi chumba kimoja. Mashati mawili, sufuria moja, kijiko kimoja."

"Akija mgeni?" Fundi aliuliza, uzi ukiwa mdomoni.

"Haji mgeni. Ndiyo siri ya mafanikio yake."

Mzee Pensheni alicheka mpaka akakohoa. Huyu alilinda geti la ghala miaka thelathini na tano, akaagwa kwa keki na hotuba, na wiki ile ile akarudi kulinda geti lile lile.

"Mimi nilistaafu siku nne," alisema. "Siku ya tano nikaanza kumfundisha mama watoto namna ya kupanga sufuria zake. Akaniomba, kwa heshima zote, nikatafute kazi."

"Tatizo lenu mnaona kustaafu ni uzee," akadakia Faili, karani wa masjala katika ofisi ya ghorofa iliyo ng'ambo ya barabara. "Ni fikra. Ni tabia."

Miezi sita sasa Faili alikuwa anafuata maisha mepesi, na kila mtu kijiweni alikuwa ameubeba wepesi huo kwa zamu yake. Aliacha kununua sukari, akahamia kwenye chai ya Fundi. Aliuza pasi, mashati yakawa yananyooshwa kwa jirani. Friji nayo ikaenda, na maji ya baridi akawa anayafuata getini kwa Mzee Pensheni.

"Kila kitu jiulize," aliendelea huku akijimiminia kikombe cha tatu. "Hiki nakihitaji, au nimezoea tu?"

"Na hiyo chai?" Fundi aliuliza. "Unaihitaji au umezoea?"

"Hii ni yako, Fundi. Mtu huru hamiliki chai."

"Nimekupata," alisema Gazeti. "Kumbe mimi niko huru tangu nimalize shule, na baba mkwe anaita uvivu."

Faili hakucheka. Alitupia jicho madirisha ya ofisini kwao, akashusha sauti.

"Chekeni tu. Leo asubuhi nimeandika barua ya kuacha kazi. Nimeichomeka kwenye trei ya mkuu, chini ya maombi ya likizo. Mkuu yuko kikaoni, anarudi saa nane. Akishaisoma tu, mimi ni mstaafu."

Nyundo ya Fundi ilibaki hewani. Alikuwa amemzoea Faili miaka kumi na moja, na utani wote ulimtoka.

"Faili, una watoto watatu."

"Watajifunza kuishi maisha mepesi."

"Yule wa mwisho ana miaka minne. Mwepesi tayari. Watakula nini?"

"Hayo ndiyo maswali ya watumwa. Mama yao si muuguzi? Kwa watu wasio na tamaa, mshahara mmoja unatosha na kubaki."

"Umemwambia?"

"Nitamwambia jioni. Namwandalia furaha."

"Hapo nimeelewa," alisema Gazeti. "Wewe unapumzika, na kustaafu kwako kunakwenda zamu wodi ya wazazi."

Mzee Pensheni aliguna. Fundi alikasirika kweli, akarudi kupiga kisigino cha watu kana kwamba kimemtukana. Alikuwa bado anakipiga aliposikia hodi ya mwanamke, na alipoinua kichwa, mke wa Faili alikuwa amesimama pale na sare yake ya kazi.

"Karibu, shemeji," Fundi alisema, akitamani ardhi immeze kwa niaba ya mwenzake.

Mama alikaa karibu na mumewe, akamchukulia kikombe, akanywa.

"Baba, nimekuja na habari njema. Yale mafundisho yako ya kila usiku yameniingia. Leo nimeacha kazi."

"Umeacha vipi?"

"Kwa barua. Nilijiuliza, hii kazi naihitaji au nimezoea tu? Nikaona nimezoea."

"Mama, una akili timamu kweli? Watoto watakula nini?"

Gazeti alifungua mdomo. Fundi akamkanyaga.

"Si wewe upo kazini?" mama alisema kwa upole. "Kuna wasiwasi gani?"

Faili alishika simu ya Fundi, akaangalia saa: saa nane kasoro dakika kumi. Akaaga kwamba ana faili la haraka. Aliondoka kwanza kwa mwendo wa mtu mwenye heshima zake, halafu akashindwa kuuvumilia, akatimua mbio.

"Pole, shemeji," Fundi alisema. "Kumbe kweli umeacha kazi?"

"Niache kazi nina wazimu? Ndiyo kwanza natoka zamu." Alifungua mkoba, akatoa bahasha, akaiweka juu ya meza kati ya gundi na brashi. "Katibu muhtasi wao tunasukwa kwa msusi mmoja. Kaiona saa tatu, akanipigia simu. Nimetoka kuichukua sasa hivi."

Mzee Pensheni aliitazama bahasha, akatazama ng'ambo. Kwenye dirisha la ghorofa ya pili Faili alionekana ameinamia rundo la makaratasi, anapekua moja moja, amefika chini, anaanza upya.

"Lakini mwanangu, si anaitafuta hiyo? Tumpigie kelele."

"Mwacheni, mzee wangu," mama alisema, akavua viatu na kunyoosha miguu iliyovimba. "Leo nataka na yeye arudi nyumbani amechoka kama mimi."