Kundi Lisilofika Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Bodi imeamua. Mji umebaki na watoto wachache mno kwa sekondari mbili za umma, kwa hiyo mwakani zinaunganishwa. Ripoti ya jimbo inayozipa shule nyota ikitoka Septemba, shule yenye nyota nyingi ndiyo itakayotoa mkuu wa shule mpya. Wakuu wa sasa wote wawili wanastaafu, kwa hiyo zamu ni ya makamu. Kwetu makamu ni mimi, Walter Dombrowski. Ng'ambo ya mto ni Duane Hatcher, mwenye meno mazuri. Kila shule ina nyota tatu. Nina miaka hamsini na minne. Nafasi nyingine siioni.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma mwongozo wa jimbo wote. Kurasa mia mbili! Kila kundi la wanafunzi hupimwa peke yake: weupe, weusi, wa kipato cha chini, wanaojifunza Kiingereza. Lakini kundi lisilofika watu kumi halihesabiwi. Kama halipo! Wetu wanaojifunza Kiingereza ni kumi na mmoja. Alama zao za mwaka jana siziandiki hata humu. Wakiondoka wawili tu...

Ijumaa, 7 Machi

Nimemtembelea Bi Irma Tzoc wa kiwanda cha kuku, mama yao Yesenia na Elmer, wawili kati ya wale kumi na mmoja. Nikaisifia shule ya Duane: basi linasimama mlangoni, timu ya soka haishikiki.

"Mwalimu, unatufukuza?"

Nikasema hasha, nawatakia mema. Akanishukuru! Akanifungia tamale sita, unga wa mahindi wenye nyama ndani, uliopikwa kwenye maganda ya mahindi. Nimekula nne garini. Tamu mno. Roho ikanisuta. Nikamalizia mbili zilizobaki.

Ijumaa, 14 Machi

Wamehama. Tumebaki na tisa! Bi Loretta Pruitt, mwalimu wao wa Kiingereza, kaja ofisini akasema vya kutosha. Eti Yesenia alishaanza kusoma kitabu cha bayolojia bila kusaidiwa.

"Walter, wewe ni mwalimu au karani wa mizigo?"

Nikampa donati. Akaiuma mara moja, akairudisha kwenye boksi.

Jumatatu, 15 Septemba

Ripoti imetoka. Sisi tatu. Duane nne.

Kumbe alama nyingi hutolewa kwa kundi lililopanda kuliko mwaka jana. Na hakuna waliopanda mji huu kama watoto waliofundishwa na Loretta. Tisa wetu hawakuhesabiwa: wachache mno. Duane alikuwa na wanane. Kwa wale wawili wa Bi Irma akafika kumi, kundi likahesabiwa, na wawili hao ndio waliolibeba.

Duane kapiga simu. "Walt, ndugu yangu, nasikia ulikwenda mpaka nyumbani kwao kuwashauri. Watu kama wewe ni adimu."

Hakuwa akinikejeli. Hapo ndipo paliponiuma.

Jumanne, 16 Septemba

Duane ndiye mkuu. Kanibakiza kwa mwaka mmoja wa majaribio, msimamizi wa takwimu. Loretta aliposikia kacheka mpaka kaomba kiti.

Safari hii sikosei. Nimeusoma mwongozo upya, kwa kalamu nyekundu. Kinachotakiwa ni kupanda. Basi tatizo halikuwa wageni hata kidogo! Tatizo ni watoto wa madaktari wa kule mlimani. Mwaka jana mia kwa mia, mwaka huu mia kwa mia. Hawapandi! Wanatuvuta chini hivihivi tunawaona.

Kesho saa nne naonana na Daktari Lindqvist, baba wa watatu kati yao. Nitamsifia shule ya masista; nasikia ina farasi.