Yuno ni Mtoto wa Nani?

Al Amerat, Maskati

Waheshimiwa Maprofesa mnaopanga nasaba za lugha,

Assalaam alaykum. Mie ni Hamdiya, mama yake Jaifar, mwanafunzi wenu anayechambua kile kitawi kidogo cha lugha za Kihmong, huko kusini mwa China. Nnakuandikieni kwa heshima zote, ingawa nna hasira.

1. Jaifar ametundika mti wa lugha hizo kwenye ukuta wa majlis, chumba chetu cha wageni. Kuna Pa-Hng, kuna Hm Nai ubavuni mwake, na pembeni yuko Yuno, kaning'inia kwa mstari wa nukta, na alama ya kuuliza juu ya kichwa. Ijumaa wakaja wazee wa Ghadeer, mchumba wa Jaifar, kutoka Qurayyat, kutuuliza nasaba kabla ya kutoa binti yao, kama ilivyo ada. Babu yake Ghadeer, Mzee Murshid, akavaa miwani akausoma mti wote, akidhani ndio ukoo wetu. Halwa yangu hakuigusa. Alitaka kujua Yuno ni mtoto wa nani, na kwa nini mnamwonea haya.

2. Tukamweleza kuwa hizo ni lugha za China. Akaondoka na yakini kwamba sisi ni Wachina na tunajificha. Posa imesimama. Jaifar hali, Ghadeer analia kwenye simu.

3. Kumbe nyinyi wenyewe hamjui. Mmoja anamtia Yuno kwa Pa-Hng, mwengine anamtoa, wa tatu anasema tusubiri ushahidi. Mtoto wa watu anatangatanga, nyinyi mnaandika makala.

4. Kwa hivyo njooni Maskati nyote. Nitapika biriani ya nguru. Mtaleta mashahidi wawili waadilifu, na hapana atakayenawa mikono mpaka Yuno apate baba. Mkishindwa, nipeni nimlee mwenyewe. Wallahi nshaanza kumpenda.

Wasalimieni wa nyumbani kwenu, na kila Mpa-Hng mtakayekutana naye njiani.

Mie, mama mwenye harusi isiyo na tarehe,
Hamdiya bint Sleyum

Tanbihi: Nlikuwa nshaifunga bahasha, Mzee Murshid akapiga simu. Amekubali. Anasema watu wanaomtundika mtu wao wa mashaka ukutani, mbele ya wageni, hawana la kuficha. Kwao yupo mmoja kama huyo, na miaka yote wakihesabu ukoo humruka. Nikahi ni Ijumaa hii, na mti ameuomba tuuache palepale. Nakusihini, utafiti usimamisheni. Hiyo alama ya kuuliza asiiguse mtu.