Ombi la Kumsahihisha Mama Yangu

Mokpo, tarehe 11 Novemba

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Kumbukumbu,

Shikamoo. Mimi ni Pyo Se-rin, mwanafunzi wa miaka kumi na mitano. Mwalimu wetu anafundisha kuwa anayeiandikia ofisi asifiche kitu. Basi naahidi kueleza yote, hata yale aliyonikataza Bibi.

Nalalamika juu ya mtu mzima aitwaye Signe, wa Denmark, ambaye shirika lako lilimpeleka huko kulelewa akiwa mchanga, miaka thelathini na miwili iliyopita. Ameweka mtandaoni picha yake ya utotoni pamoja na karatasi yenu, akaandika, "Namtafuta mama yangu." Watu elfu nne wameshaisambaza. Naomba aamriwe kuiondoa, kwa sababu hizi:

1. Anaivunjia ofisi heshima. Karatasi yenu, yenye mhuri mwekundu, inasema hana mama wala baba, na kwamba alizaliwa tarehe tatu Machi akaokotwa mlangoni pa kituo cha polisi. Asiye na mama anamtafuta mama gani?

2. Anavuruga biashara. Mama yangu anauza kimchi, ile kabichi ya Kikorea iliyochachushwa kwa pilipili, sokoni. Jirani yake, Mama Gyu-ri muuza samaki, alimsogezea simu usoni: "We dada, hiki si kidevu chako? Au umemwazima?" Mama akamjibu, "Angalia samaki wako, wananuka." Kisha akapima kimchi ileile mara tatu, na mteja akaondoka bila kuichukua.

3. Supu ya mwani. Kwetu hii hunywewa na mama aliyejifungua, na mtoto huinywa kila siku yake ya kuzaliwa. Mama hunipikia mwezi Mei. Lakini huipika pia kila tarehe tisa Novemba, na nyumbani hakuna aliyezaliwa siku hiyo. Nikiuliza, husema, "Mwani ulikuwa wa bei rahisi. Kunywa, unapoa." Juzi aliipika tena, nami nikamwonyesha karatasi ya Signe. Akazima jiko. "Machi?" akasema. "Nani kawaambia Machi?" Kwa kuwa ofisi haikosei, naomba mtume mtu aje amsahihishe mama yangu.

4. Mwaka jana mlimwandikia Mama barua ya rejista. Bibi ndiye aliyefungua mlango, akamrudishia tarishi akisema, "Hapa hakuna mama wa mtu," nanyi mkafunga faili. Nawapongeza kwa dhati. Si kazi ndogo kumwandikia mtu asiyekuwepo na kupatia anwani yake, hadi namba ya mlango. Signe naye mkamjibu kwamba jina la mama yake halitolewi bila ridhaa ya mama huyo. Bibi anasema Mama alikuwa na miaka kumi na tisa, hana mume, na yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nilipomuuliza yajayo ndiyo yapi, akanituma nikaoshe vyombo.

5. Mimi mwenyewe nitadhurika. Tangu nizaliwe mimi ndiye mtoto wa kwanza, na ndiye ninayemenya njugu za tambiko la mababu peke yangu. Akija Signe, nitashushwa kuwa wa pili. Sijawahi kuwa mdogo wa mtu. Nimejaribu kutamka "dada" mbele ya kioo, na sauti yangu haikutoka vizuri.

Nisalimie wafanyakazi wote, mabawabu na wapiga chapa, na hasa yule mwenye mwandiko mzuri aliyekitunga kile kituo cha polisi.

Wako mtiifu,
Pyo Se-rin

Tanbihi: Tafadhali msimwamuru Signe aiondoe picha. Nilimwandikia jana, na atatua Ijumaa. Mama ameisoma barua hii, akanisahihisha mahali pawili, halafu akaenda kumwomba Mama Gyu-ri amwangalizie meza. Jumatatu asubuhi atakuja ofisini kwenu na Signe kutoa ile ridhaa. Hatutaki kurudishwa mlangoni kwa kukosa karatasi, kwa hiyo naomba nijibiwe kabla ya siku hiyo: je, mama ambaye hayupo anatakiwa kuja na kitambulisho?