Kosa ni la Kadi

Jumatatu, 9 Juni

Kompyuta imezima tena. Mke wangu anapoanza tu kupika video (ndivyo anavyoita ile kazi ya kuunganisha vipande vyote viwe kitu kimoja), skrini inakuwa nyeusi, feni zinalia, halafu kimya. Kisha inajiwasha yenyewe, kama mtu aliyesinzia kikaoni na kusikia jina lake.

Video ni ya mahafali ya chuo cha ushonaji. Mkuu wa chuo anaitaka Jumamosi asubuhi. Akiipenda, mke wangu atapewa sherehe zote za chuo kwa mwaka mzima. Akiikosa, yupo mpiga picha mwingine ambaye siku hizi hapiti karibu na ofisi ya mkuu bila kuingia kumsalimia.

Mke wangu ameniuliza kwa upole, ule upole wake wa hatari, kama nitaitazama mwenyewe au amwite kaka yake. Nimesema nitaitazama. Kaka yake! Shemeji huyo hajawahi kuingia humu ndani bila kunyoosha kitu. Picha ukutani. Mlango wa kabati. Mimi.

Hali ndani ya boksi ni hii. Kadi ya picha, inayochora kila kitu kinachoonekana kwenye skrini, ni zawadi ya shemeji kwa dada yake. Pawa saplai, lile sanduku la chuma linalogawa umeme kwa vyote vilivyomo, niliichagua mimi. Ina taa za bluu. Stika yake imeandikwa wati 750, na pembeni kuna mchoro wa radi.

Kwa hiyo kosa ni la kadi.

Jumanne, 10 Juni

Bisibisi haionekani. Nimefungua boksi kwa kisu cha siagi. Kisu hakitarudi kuwa kama zamani, na mimi pia sidhani.

Nimechomoa kadi. Waya wa skrini nimeuchomeka kwenye tundu la nyuma, lile linalotoa picha bila kadi. Nikawasha. Ikawaka. Nikaketi kuitazama ikiwa inawaka. Haikuzima! Nimeitazama alasiri nzima mpaka macho yakaanza kuzima yenyewe.

Nikamwita mke wangu aje aone ushahidi. Akaja, akatazama, akauliza kama sasa inaweza kupika. Nikasema inaweza, ila bila kadi itakwenda polepole kidogo. Akabonyeza. Kompyuta ikakadiria kwamba itamaliza wiki ijayo.

Akasema asante, akatoka kwenda kuanua nguo. Nikamfuata hadi mlangoni kumweleza kwamba kumjua mgonjwa ni sehemu kubwa ya matibabu. Nilisikia tu vibanio vikitupwa kwenye ndoo, kimoja kimoja, kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Baadaye nikamsikia kwenye simu akisema, "Kaka, kesho una nafasi?"

Jumatano, 11 Juni

Shemeji amekuja. Ameingia, amenyoosha kalenda, ndipo akasalimia. Ananiita Injinia. Sijawahi kusikia cheo kikitamkwa kwa dharau namna ile.

Nikampa matokeo ya uchunguzi. Bila kadi, inakaa. Na kadi, inazima. Mtu wa kawaida angesalimu amri. Yeye akasema kadi ndiyo inayokula umeme kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Ukiitoa, umemtoa mtuhumiwa, sawa, lakini umeondoa na mzigo. Hata pawa saplai mbovu itapumua. Alisema ni sawa na kumshusha mzigo punda mgonjwa, kisha kutangaza kwamba amepona kwa sababu anatembea.

Nilielewa papo hapo. Nikasema sijaelewa.

Akaifungua pawa saplai yangu na kuipima uzito mkononi. Akauliza kama ndani kuna kitu au ni pambo. Nikamweleza kwamba za kisasa ni nyepesi. Akasema yake ikikudondokea mguuni, wiki nzima huendi kazini. Nikamwambia huo si ushahidi, hayo ni majigambo. Akacheka. Ana kicheko kifupi, kama cha mtu anayepiga chafya kwa hiari.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Akasema hataki kujua nani mshindi. Jioni ya Ijumaa ikifika bila video, anabeba kila kitu kwenda kwa kaka yake, atamalizia huko, na kazi zake zote atafanyia huko. Kuanzia hapo na kuendelea.

Na kuendelea! Nimekaa nikiitazama ile kona ya sebule. Meza yake. Vile visikioni vyake vikubwa. Namna anavyotikisa kichwa kwa muziki ambao sisi wengine hatuusikii. Kona ile ikibaki tupu, ujuzi wangu nitamwonyesha nani?

Alhamisi, 12 Juni

Shemeji alikuwa ameondoka na kadi, akaifunge kwenye kompyuta yake. Asubuhi ametuma picha. Kadi inapika video bila shida. Juu ya boksi ameweka kikombe cha chai, makusudi.

Nimemjibu kwamba hata jino hupona ukifika kwa daktari. Akanitumia kikaragosi kinachocheka hadi machozi. Mtu mzima, baba wa watoto.

Nimeomba ruhusa kazini, nimerudi nyumbani kuisafishia jina pawa saplai yangu. Nimeipangusa vumbi kwa brashi ya kupakia rangi. Nimebadili waya. Nimebadili soketi. Mwishoni nikachomoa friji, ili umeme wote wa nyumba uje upande wetu.

Alasiri shemeji akaleta kadi. Tukaifunga. Mke wangu akabonyeza. Nyeusi.

Shemeji akaninyooshea kola ya shati, akaaga.

Nikaweka kiganja nyuma ya boksi, kwa siri. Moto kama pasi. Na harufu! Plastiki inayoanza kukata tamaa. Mke wangu akauliza nini kinanuka. Nikafungua dirisha, nikasema majirani wanachoma taka.

Akasema sawa, akaenda jikoni, akarudi na chombo cha maziwa yaliyoganda kama uji. Akauliza kama friji nayo ina kadi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimewaambia kazini nina jino. Jana nilikuwa na homa ya mtoto. Mwili wa familia hii unachakaa haraka.

Nimekwenda dukani, nimenunua pawa saplai nyingine. Nyeusi tupu. Haina taa, haina radi, haina haya. Nzito kama tofali. Muuzaji akauliza ya zamani ilikuwa na tatizo gani. Nikasema si yangu, ni ya rafiki, mtu mbishi sana. Muuzaji akasema anawajua watu wa namna hiyo, huja hapa kila siku. Bei sitaiandika hata humu.

Nimeibeba chini ya koti, kifuani, kama mama aliyetoka hospitali ya uzazi. Mke wangu alikuwa chuoni, mkuu alitaka kurudia maneno yake mawili matatu mbele ya kamera. Nilikuwa na muda.

Sasa sikiliza mpango. Nikachemsha maji. Nikaishika pawa saplai ya zamani juu ya mvuke hadi stika ikalegea, nikaibandua taratibu. Kona moja ikachanika, lakini radi ikapona. Nikaibandika kwenye mpya. Wati 750! Ile ya zamani, uchi wa mnyama, nikaificha kabatini nyuma ya viatu.

Mke wangu akarudi, akakaa, akabonyeza. Ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi ukaanza kutambaa. Ukafika pale unapofiaga. Akanishika mkono bila kunitazama. Ukapita. Ulipofika mwisho, akapiga kelele ambayo nadhani majirani, waliokwisha kusingiziwa takataka, waliisikia.

Akauliza ilikuwa nini. Nikasema kadi, kama nilivyosema tangu mwanzo. Yale meno ya kadi ya kuchomekea yalikuwa na uchafu, nimeyasugua kwa kifutio.

Akauliza zile taa za bluu zimekwenda wapi. Nikasema nimezizima, zilikuwa zinaibabaisha kadi.

Akasogeza boksi ili afagie. Akauliza mbona limekuwa zito. Nikasema vumbi. Akasema vumbi si umelitoa? Nikasema ndiyo, na vumbi likitoka, vyuma hubaki na uzito wao halisi.

Akanitazama muda mrefu kuliko video yenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Mkuu wa chuo ameipenda. Ameitazama hotuba yake mwenyewe na kulia. Mke wangu amepewa mwaka mzima. Ameingia akiimba, akavua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye kona yake. Kona ipo. Meza ipo. Nimejilaza kwenye kochi kama gunia.

Shemeji akaja kupongeza. Akachungulia ndani ya boksi. Akaiona stika. Halafu, mbele ya dada yake, akasema amekosea. Pawa saplai haikuwa na neno. Kweli ilikuwa kadi. Akaniomba radhi!

Siku hii nimeiota kwa miaka. Ajabu, nilichokuwa nataka ni usingizi tu.

Kisha akauliza ile pawa saplai niliinunua wapi. Kompyuta ya mama mkwe inaunguruma, anataka kuifungia kama hiyo hiyo. Kabla sijafungua mdomo, mke wangu akasema si lazima anunue, ipo ya akiba kabatini, nyuma ya viatu. Ila haina stika, akasema. Labda baba watoto atueleze kwa nini.

Akanitazama. Mlango wa kukiri ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa ni kuupita tu.

Nikasema nilinunua mbili, kwa kuwa ni nzuri.

Mke wangu akashusha pumzi, akarudi kwenye visikioni vyake. Shemeji akaichukua. Akashangaa ilivyo nyepesi. Nikamkumbusha kwamba ni ya kisasa. Dhamiri yangu iko safi: mama hapiki video, anatazama picha za wajukuu tu. Shemeji mwenyewe ndiye aliyesema, bila mzigo hata mbovu hupumua.

Jumanne, 17 Juni

Shemeji amepiga simu kutoka kwa mama. Mama amefungua picha za wajukuu wote kwa pamoja. Skrini imekuwa nyeusi.

Aliniita Injinia, na safari hii hakucheka. Akasema yeye ameshindwa, alikosea mara ya kwanza, hataki kukosea tena. Nyuma yake nikamsikia mama akiuliza nani anachoma taka wakati huu. Nikasema waichomoe ukutani, waiache ipoe. Nikauliza habari za feni. Nikanyamaza kidogo, kama wanavyofanya madaktari. Kisha nikamwambia bila kusita: kosa ni la kadi.

Akasema kompyuta ya mama haina kadi.

Nikamwambia, umeona sasa? Ndiyo shida yenyewe.

Akanishukuru! Mke wangu alikuwa mezani kwake, amenipa mgongo, visikioni masikioni, mabega yanatikisika. Inaonekana video ya leo inachekesha sana.

Kesho nitapita dukani kumtafutia mama kadi. Niliona moja Ijumaa, yenye taa nyekundu na mchoro wa simba. Niliishika. Nyepesi ajabu.