Nasaba ya Simba Siku ya Posa ya Rukia

Wenzangu, leo sina pa kuuweka uso. Nawaandikia nikiwa nimejifungia chumbani. Ukumbini bado wanacheka, na wanayemcheka ni mimi.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana mambo yasiyo na mpangilio siyapendi. (Mtaona wenyewe mpangilio wangu umenifikisha wapi.)

Tangu nilipotoka eda ya marehemu mume wangu, tarehe 14 Mei 2022, mwanangu aliye Arusha hunitumia video za simba wa Serengeti. Mwanzo nilizitazama ili nisimvunje moyo. Kisha zikaniteka. Simba dume akifika umri wa miaka miwili au mitatu hufukuzwa kwao, naye huondoka na ndugu zake na binamu zake. Hutangatanga pamoja, huwinda pamoja, na wakishapata nguvu huenda kuwapindua madume wa himaya nyingine. Kila mmoja ana madoa yake kwenye mizizi ya masharubu, na hakuna simba wawili wenye madoa ya mpangilio mmoja. Nimejifunza kuyasoma. Humtazama dume mmoja nikasema: huyu ndiye ndugu wa yule mwenye sikio lililochanika, baba zao walikuwa wanne, na waliokuja kuwapindua walikuwa wajukuu wa jirani. Mara nyingine machozi hunitoka. Vizazi juu ya vizazi, na hakuna hata mmoja wao aliyepata kuandika jina lake. Mimi niliyeandika langu kwa mara ya kwanza mwaka 2006, katika darasa la watu wazima, nikiwa na miaka thelathini na tisa, naujua uzito wa jambo hilo.

Katika ukoo wetu mwenye kujua nani kazaliwa na nani, na lini, ni mimi. Ndiyo maana posa ya Rukia ilipokuja, baba yake, kaka yangu Hamadi, aliniambia: "Dada, nasaba utasema wewe. Mie ntakaa kimya."

Laiti tungebadilishana.

Leo Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, baada ya sala ya Alasiri, wageni wakapanda ngazi hadi kwa Hamadi, Michenzani. Walikuwa watatu, wote wa Bububu: Bwana Khatibu, baba wa kijana, Bi Mwanahija, mama yake, na Mzee Haji, baba yake mkubwa, ambaye ndiye msemaji. Kijana mwenyewe, Nassor, hakuja, kama ilivyo ada. Rukia alikuwa jikoni nyuma ya pazia, na pazia lile lilikuwa likipumua.

Nilisoma nasaba yetu hadi babu wa saba bila ya kukwama. Mzee Haji akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akasema ya kwao.

"Sisi, Bi Zuhura, tuko ndugu watatu, baba mmoja mama mmoja. Hatujapata kugombana. Pale Bububu wanatwita simba watatu."

Mtu mwingine angenyamaza.

"Basi mna mambo makubwa," nikasema, "maana simba ndugu wakiishi pamoja, hata wataalamu hushindwa kujua mtoto ni wa yupi kati yao. Watoto wa tumbo moja huweza kuwa na baba mbalimbali. Mpaka wapimwe damu."

Bwana Khatibu akamtazama kaka yake. Mzee Haji akaitazama dari. Bi Mwanahija, ambaye ndiye aliyemzaa huyo Nassor, akaushika mtandio wake na kuuweka sawa, mkunjo kwa mkunjo, taratibu sana.

"Dada," Hamadi akaninong'oneza, "inatosha."

Haikunitosha. Nilidhani nikiwasifu majike nitakuwa nimemwomba radhi Bi Mwanahija. Nikaeleza jinsi majike wa kundi moja wanavyozaa karibu wakati mmoja, na kila jike huwanyonyesha watoto wa wenzake, hata watoto wote wakawa ndugu wa kunyonya. "Na ndugu wa kunyonya hawaoani," nikasema. "Ndiyo maana madume wakikua huenda kutafuta wake nchi ya mbali. Hayawani hawa, na hukumu hiyo wanaichunga. Subhanallah." Sauti ilikuwa ikinitetemeka. (Wageni walidhani naumwa.)

Mzee Haji akaweka kikombe chini.

"Umenikumbusha jambo la maana. Kwenu pana mtoto aliyenyonya nje?"

Lilikuwa swali la haki. Waliokunywa ziwa moja ni haramu kuoana kama waliotoka tumbo moja, na posa ngapi zimevunjika kwa hilo. Ningeweza kusema sijui. Lakini mimi, niseme sijui, mbele ya wageni?

"Yupo," nikasema. "Marehemu wifi yangu, mama yake Rukia, alipata kulazwa kwa homa. Wakati huo tulikuwa tukikaa Jang'ombe. Mtoto nilimchukua kwa mikono yangu nikampeleka kwa jirani aliyekuwa akinyonyesha. Alikuwa mpangaji, jina lake hatukulijua, tukimwita Bi Harusi tu. Akakaa naye mpaka wifi akatoka hospitali."

"Mtoto yupi?"

"Rukia. Mwezi wa Aprili mwaka 2001, masika yameshika."

Bi Mwanahija, aliyekuwa hajasema neno tangu salamu, akauliza: "Nyumba yenye mlango wa buluu, uani pana mnazi uliopinda?"

"Naam," nikajibu, nikifurahi kuona anaijua.

"Huyo Bi Harusi ni mie."

Jikoni kikaanguka kitu cha bati. Hamadi akafunika uso kwa viganja. Rukia na Nassor wamengojana miaka minne, wenzangu, mpaka kijana akajenga chumba na ukumbi, na mimi nimewafanya kaka na dada baina ya kahawa na halua. Mzee Haji alikuwa ameshaanza kujizoa kitini.

"Ngoja kwanza, shemeji," Bi Mwanahija akasema. "Bi Zuhura, mwaka 2001 mie nshahamia Bububu zamani. Uliyeniletea nilimnyonyesha pamoja na Nassor, mmoja ziwa hili, mmoja ziwa hili. Na alikuwa mwanamume. Nilikuwa nikimwosha mwenyewe, ntashindwa kujua?"

Hamadi akafunua uso. "Dada, huyo Sefu. Ilikuwa tisini na sita, nami niko Tanga kikazi. Rukia hata kuzaliwa bado."

Sefu ni kaka yake Rukia. Nilihesabu kichwani, nikarudia kuhesabu, na kila nilipohesabu alikuwa Sefu. Tarehe nilianza kuziandika nilipojua kuandika. Zilizotangulia nilizipanga baadaye kwa kukisia, kisha nikasahau kwamba nilikisia.

Mzee Haji akarudi kuketi. "Basi aliyenyonya ni Sefu. Huyo ndiye nduguye Nassor. Dada yake hakunyonya, na hapana kinachomzuia." Akavuta sahani ya halua. "Na hao simba wako, Bi Zuhura, nasaba yao umeipanga hivi hivi?"

Hamadi, damu yangu mwenyewe, ndiye aliyeanza kucheka.

"Kinachonishangaza," Mzee Haji akaendelea, "simba wa Serengeti unawajua kwa sura. Huyu aliyekupokea mtoto mkononi umemkaribisha kama mgeni."

"Mwacheni," Bi Mwanahija akasema. "Mie sina masharubu, angenijuaje?"

Hapo hata pazia lilicheka.

Sefu akaitwa. Ana ndevu sasa, na mabega yake hujaza mlango. Alipoelezwa akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku, akimtafuta yule mchanga wa Jang'ombe. Akampata; nilimwona akimpata. Maziwa ya siku chache yalikuwa yamekaa miaka yote hiyo bila ya mtu kuyajua, na undugu wake haukupungua hata tone. Kwa kitambo kile nilisahau kuona haya.

Kitambo kile tu.

Msinicheke, wenzangu, waliocheka leo wanatosha. Tarehe ya harusi imepangwa papo hapo, nikiwa nimeketi katikati yao, na hapana hata mmoja aliyeniuliza mimi.